Ngumi za Usingizini

Muuza nyama alikuwa hodari wa kuchekesha wateja, lakini siku ile alikata mifupa kichwa chini kama kuku aliyenyeshewa. Mkewe alikuwa amepita dukani, jicho limevimba, na foleni nzima ikamwona.

"Aliteleza bafuni," muuza nyama akasema kabla ya kuulizwa.

"Mh! Bafu lenyewe lina ngumi," mama mmoja akamjibu.

Ukweli muuza nyama aliujua. Alikuwa ameota fahali amekata kamba, akampiga ngumi ya uso, kumbe ni mkewe. Lakini aseme hivyo? Watasema ana mapepo, na nani atanunua nyama kwa mwenye mapepo? Akaona heri uongo.

Habari zikamfikia kaka wa mkewe, fundi wa matairi, mtu wa maneno machache. Akaja mchana, hata maji hakunywa.

"Dada, fungasha."

"Kaka, huyu akiwa macho hajaninyooshea hata kidole. Ananipiga amelala."

"Amelala! Mdanganye mtoto."

"Basi kaa umtazame. Akishakula hulala."

Muuza nyama alitamani ardhi ipasuke. Atazamwe amelala, mdomo wazi, mate yanatiririka, na mtazamaji ni shemeji! Lakini akikataa, mke anaondoka. Akajilaza mkekani, akageukia ukuta.

Aliamshwa na ukelele. Fundi wa matairi alikuwa amekaa sakafuni, kashika pua, shati limelowa damu.

"Ulikuwa unanguruma, 'Mshike pembe!' Nikainama nikuamshe..."

"Enhe, kaka," mke akasema, upindo wa kanga mdomoni. "Nimdanganye mtoto yupi sasa?"

Shemeji mwenyewe, pamba puani, ndiye aliyewapeleka kwa daktari.

"Tukiota, mwili hufungwa usiitende ndoto," daktari akasema. "Wako haufungiki vizuri. Si pepo, si hasira. Nitakupima, na dawa zipo. Kwa sasa kila mtu alale kitanda chake, na visu vikae mbali. Ilianza lini?"

"Juzi juzi," muuza nyama akajibu.

Mkewe akakunja mkono wa gauni. Begani palikuwa na alama za zamani, nyingine zimeshageuka manjano.

"Ni mwaka wa pili, daktari."

Muuza nyama akazitazama zile alama, kisha mikono yake mwenyewe, asijue pa kuiweka. Kumbe mwenzake alikuwa akimsitiri muda wote huo, na yeye anakoroma.

Nje, kaka akauliza, "Sasa, dada, unabaki?"

"Nabaki. Lakini yale ya bafuni akayafute kwa mdomo wake, mbele ya foleni. Mimi nimechoka kuteleza."

Asubuhi foleni ilipojaa, muuza nyama akaweka kisu chini.

"Jicho la mke wangu nililipiga mimi. Nilikuwa usingizini. Ni ugonjwa, na ninatibiwa."

Hakuna aliyecheka. Yule mama wa bafu lenye ngumi akamtazama, akanyoosha mkono apewe nyama yake, akaondoka. Muuza nyama akapangusa uso kwa kiwiko, akamwita anayefuata.