Mawe ya Kuvunjia Ngali

Nesta alifika kwenye mti wa kwanza akakuta shimo. Udongo ulikuwa bado mbichi, na alama za mtaimbo zilionekana pembeni. Akaenda wa pili, shimo. Wa tatu, shimo. Nyuma yake afisa misitu aliyetoka mji mkuu, Honiara, alikuwa akihema na kujifuta jasho, na nyuma ya afisa, mikono mfukoni, alikuja Hedley, mdogo wake Nesta wa tumbo moja.

Mashimo kumi na moja. Jana asubuhi mahali pa kila shimo palikuwa na jiwe pana, limebonyea katikati kwa sababu ya wanawake wa ukoo kuvunjia ngali, kokwa za miti hiyo, hapo tangu enzi za bibi wa bibi yake. Huo ndio ushahidi pekee aliokuwa nao. Kampuni ya magogo ilikuwa imeandika kwamba bonde lile ni msitu tu, miti yake haikupandwa na mtu, kwa hiyo yote ikatwe. Afisa alikuwa na siku moja ya kuamua, na boti yake ilikuwa inaondoka alasiri.

"Mama, mimi naandika ninachokiona," afisa alisema kwa upole. "Mashimo hata nguruwe huchimba."

Nesta alimgeukia ndugu yake. Hedley alikuwa ametoa mkono kumfukuza mbu, na kiganjani palikuwa na malengelenge mapya. Miguuni alivaa buti za kampuni, za ngozi, bado zinang'aa. Kwao ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa binti, lakini mikutanoni ndugu wa kiume ndiye huwasemea dada zake. Miaka kumi na mitano Nesta alikaa nyuma na wanawake wenzake, kafunga mdomo, akamwachia Hedley aseme. Na Hedley alisema. Alisema mpaka akatia sahihi karatasi za kampuni. Kisha, ili asiumbuke, akabeba mtaimbo akang'oa mawe ya mama yake mzazi na kuyaporomosha mtoni.

"Umeyatupa?" Nesta aliuliza.

"Nini, dada? Mimi sina habari na mawe." Akamgeukia afisa akicheka. "Dada yangu umri unamchanganya. Juzi katafuta kisu nyumba nzima, kumbe kakishika mkononi."

Afisa naye akatabasamu. Hapo Nesta akaacha kugombana. Alimwambia afisa kwamba basi, ameshindwa, ila kwao mgeni haondoki mikono mitupu, na ngali ndiyo kwanza zimeiva. Mkwezi wa ukoo ni huyu ndugu yake, anakwea tangu ana miaka saba na hajaanguka hata mara moja.

"Kwea, Hedley. Mgeni apate za kutafuna njiani."

Hedley akavua buti, bado anacheka. Akaukumbatia mti wa mwisho kwenye safu, akaweka unyayo wa kwanza, halafu akasimama. Kicheko kilikauka. Alikuwa amekumbuka, na Nesta alimwona akikumbuka.

Katika bonde lile hakuna anayekwea mti wa ngali bila kutaja kwa sauti jina la aliyeupanda na kumwomba ruhusa. Mama yao aliwatia hilo kichwani kabla hawajajua kuvaa nguo. Binamu yao mmoja alikwea kimya kwa ubishi, na hadi leo anatembelea magongo. Hedley na buti zake zote alikuwa hajawahi kuthubutu.

"Kwea basi," Nesta alisema. "Si umeshatia sahihi kwamba hauna mwenyewe?"

Hedley alishusha mguu, akaurudisha, akaushusha tena. Angeweza kuondoka zake. Nesta, kusema kweli, alitaka aondoke, apate kumchukia bila kusumbuliwa na huruma. Afisa alitazama saa yake, kisha akamtazama Hedley na kusahau saa.

"Vaekesa," Hedley alisema hatimaye, paji la uso limegusa gome. "Vaekesa, mama, naomba."

"Vaekesa ni nani?" afisa akauliza.

Nesta alinyamaza makusudi. Alikuwa amesemewa maisha yake yote, na leo pia angesemewa.

"Mama yetu," Hedley alisema. "Ndiye aliyeupanda."

Afisa akafungua faili lake. Akaelekeza kalamu kwenye mti uliofuata na kuuliza, na ule? Hedley akataja. Na ule? Akataja majina yote kumi na moja, safu nzima, sauti ikizidi kufifia, na afisa akaandika kila mti na jina la aliyeupanda.

Hedley alipomaliza alimtazama dada yake kama mtoto anayengoja kuambiwa yameisha. Hayakuwa yameisha.

"Sasa shuka mtoni ukayatoe mawe," Nesta alisema. "Yote. Peke yako."

"Dada, yale ni mazito. Kuyateremsha niliyasukuma tu. Kuyapandisha siwezi."

"Najua," Nesta alisema, akaenda kuketi ukingoni kumngoja.