Marehemu Marselino Chini ya Unga wa Mawe

Saa nane mchana Bertilla alikuwa akifukia nyasi. Mvua za mwisho zilikuwa zimelainisha udongo, nyasi zimefika kiunoni, na kila mwenye mgongo mzima Ufipa alikuwa shambani akizikata na kuzifunika udongo mpaka lisimame tuta la duara. Humo ndani zingeoza taratibu. Mvua mpya zikija, tuta lingepasuliwa, mbolea isambazwe, ulezi upandwe.

Mumewe, Marselino, alisimama ukingoni mwa shamba akimkosoa. Alikuwa amefariki mwaka uliopita kwa ugonjwa wa kifua, lakini msimu wa matuta ulipoanza alikuja na koti lile lile alilozikwa nalo, kwa sababu hakuwahi kuamini kwamba mkewe anaweza kunyoosha mstari peke yake. Paroko aliambiwa. Alisema hana neno, mradi Jumapili marehemu asubiri misa iishe.

"Hilo limekaa upande," alisema Marselino.

"Njoo ulinyooshe wewe," alijibu Bertilla, akacheka. Ndivyo walivyopendana tangu ujana.

Wiki hiyo lori lilileta unga wa mawe. Kampuni moja ilikuwa imesaga kilima upande wa Mbeya na sasa ilikigawa kwa magunia. Mtaalamu wake, Godbless Mbonile, kijana aliyepanga chumba mjini, mtaa wa Chanji, na kuvaa buti zisizojua tope, aliueleza mkutano wa kijiji kwamba unga huo ukinyeshewa hula hewa ukaa, ile inayotoka kwenye viwanda na ndege za wenzetu, na kuifungia ardhini isitoke tena. Yaani wenzetu wachafue kwao, Ufipa isafishe. Watu walipiga makofi, maana soda zilikuwa zimeshafunguliwa.

"Mnamwaga juu juu tu," alisisitiza Godbless.

Lakini Mfipa hamwagi kitu cha maana juu ya ardhi kikachukuliwe na upepo. Anakifukia. Bertilla aliuchanganya unga na nyasi, akaufunika, akalipigapiga tuta kwa jembe. Unga ule, ukiwa chini kwenye unyevu na giza, ulianza kula hewa yoyote iliyokuwa jirani. Marselino, ambaye tangu kufa kwake alikuwa pumzi na koti basi, alinyonywa kuanzia miguuni.

"Bertilla, hii dawa yenu inavuta," alisema, akiwa amebaki kifua na kichwa. Kesho yake lilibaki koti, limelala juu ya tuta.

Bertilla aliweka sikio kwenye udongo. Alimsikia akilalamika kwamba amejaziwa nyasi mbichi. Akaenda kuchukua jembe amtoe, na ndipo Godbless alipofika na kipimo chake, akakichomeka kwenye tuta, akapiga mluzi.

"Shikamoo, mama. Hongera sana. Shamba lako limeongoza wilaya nzima."

"Marahaba. Huyo ni mume wangu."

Godbless alisoma tena. "Kweli, namwona hapa. Mzito."

"Basi nisaidie nimtoe, mwanangu."

"Haitawezekana, mama. Ameshauzwa."

Alieleza kwa adabu zote alizofundishwa. Marselino alikuwa ameuzwa pamoja na hewa nyingine kwa shirika la ndege la Ulaya, linalopeleka watu ufukweni kuota jua. Shirika lilikuwa limeshawatangazia abiria kwamba moshi wao umefutika. Tuta likipasuliwa, moshi utarudi, na abiria watajisikia vibaya.

"Na mimi?"

"Wewe utapewa fulana, mama."

Fulana ililetwa. Ilikuwa kubwa, na ilisema kifuani kwamba dunia inapumua. Bertilla aliivaa kulalia tu. Kila mchana alienda kuweka sikio, na kila mara Marselino alilalamika kwa mbali zaidi, kama redio inayoishiwa betri, kwa kuwa unga ulikuwa ukikaza kuwa jiwe. Ilimuuma vibaya sana.

Mvua mpya ziliponyesha alibeba jembe. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku hizo alikuwa na pikipiki mpya, alikuwa ameshaweka mgambo ukingoni mwa shamba, pale pale aliposimama Marselino. Majirani walipasua matuta yao bila kuulizwa, kwa kuwa ndani hamkuwa na mtu. Bertilla hakupanda kitu. Ulezi wa pombe ya kumkumbuka marehemu aliuomba kwa wifi yake Silvana, ambaye alimpa na kumsema.

Baada ya mavuno ya wengine alikuja mgeni kutoka lile shirika, mama mmoja mwenye kofia pana. Alipiga picha karibu na tuta, akavuta pumzi ndefu, akasifu hewa. Bertilla alimvuta Godbless kando.

"Muulize, huko kwenye ndege mume wangu anawasumbua?"

Godbless aliuliza. Mgeni alitabasamu, akafikiri kwa heshima, akasema hapana, safari ilikuwa tulivu kabisa, hakusikia mtu yeyote akilalamika.

Bertilla alilitazama tuta. Marselino hakuwahi kupanda hata basi la Mbeya bila kugombana na dereva. Aliinama akaweka sikio, akangoja, kisha akasimama na kukung'uta magoti.

"Basi sasa amekufa," alisema, akaokota koti na kulikunja.

Mgeni aliuliza mama amesema nini. Godbless akamwambia kwamba anashukuru sana.