Hotuba ya Kushukuru Madawati

Pori tupu. Maneno mawili tu, na niliyaandika mimi, mwalimu wa historia, kwa mkono huuhuu.

Kampuni ya chai ya huku kwetu juu, Dindira, ilikuwa inatuletea madawati themanini. Watoto wangu wa Kidato cha Pili wanaandika wakiwa wamekaa sakafuni, kwa hiyo tuliyahitaji. Mkuu wa shule, Mwalimu Enock, akanipa kazi: niandike hotuba ya shukrani, mwanafunzi wangu Mwanaisha aisome mbele ya wageni, na isikose kutaja kwamba waanzilishi wa shamba walikuta pori tupu. Nikamwambia si kweli.

"Madam Shamsia," akanijibu, "unataka ukweli au unataka madawati?"

Nikafyata mkia.

Pori tupu! Katikati ya ile chai kuna makaburi ya ukoo wa Mwanaisha, yamezungushiwa masale, mimea ya kuwekea alama kaburi, na wachumaji hupita pembeni kwa sababu Msambaa hang'oi sale la kaburini. Babu wa babu yake alifukuzwa pale na askari wa Mjerumani, migomba yake ikafyekwa ipandwe kahawa. Waingereza wakaja na chai yao, ardhi hawakuirudisha. Mpaka leo baba yake akitaka kusafisha makaburi ya wazee wake anaomba kibali getini, na mlinzi anamwandikia saa ya kutoka. Hayo yote nilikuwa nimeyafundisha mwezi mmoja tu nyuma, na habari za kibali alinisimulia Mwanaisha mwenyewe.

Siku ya makabidhiano alisoma vizuri mpaka ukurasa wa pili. Akashusha karatasi, akanitazama. Meneja wa shamba akatabasamu, akidhani ni woga wa mtoto.

"Madam," Mwanaisha akasema kwenye kipaza sauti, "hapa pameandikwa pori tupu. Mababu zangu wamezikwa hapo. Nisome?"

Mtoto wa miaka kumi na tano ananiomba ruhusa ya kuwafuta watu wake! Nilimchukia yule meneja na tabasamu lake, nikamchukia Enock, lakini niliyemchukia kuliko wote ni mimi.

"Usisome," nikasema. "Ni uongo."

Meneja akasimama. Akasema hakuja hapa kutukanwa, akamwamuru dereva wa lori asishushe dawati hata moja. Mwalimu Enock akanijia mbio, jasho linamtoka.

"Omba radhi, madam! Sasa hivi, mbele ya wote! La sivyo, hapa shuleni huna kazi!"

Nikachukua kipaza sauti. Nikawageuzia wageni mgongo, nikawatazama Kidato cha Pili, wote wamesimama kwenye jua na sare zao.

"Niwieni radhi, wanangu. Ukweli niliujua. Nikaandika uongo, kisha nikamtwika mwenzenu ausome."