Soli za Mvumbuzi

Umepita mbele ya buti zile, usijifanye hujapita. Ulilipa kiingilio, ukasoma kibao kinachosema mvumbuzi mkuu alitembea nazo maili elfu mbili kutafuta maporomoko ya maji, ukatikisa kichwa, ukaenda zako. Soli hukuziangalia.

Aliyeziangalia ni mama mfagiaji wa jumba la makumbusho, siku alipofunguliwa kabati la kioo afute vumbi kabla ya wageni wa maadhimisho. Alizipindua. Soli zilikuwa laini kama sahani, alama ya chaki ya fundi viatu bado ipo. Hakushangaa. Babu yake mzaa baba alikufa na bonde begani, pale mti wa machela ya kumbebea mvumbuzi ulipokaa miezi kumi na minne. Aliwaambia wajukuu kwamba yule bwana hakukanyaga hata dimbwi. Akitaka kujinyoosha, walimshusha juu ya mkeka.

Mfagiaji akazipeleka kwa mkurugenzi. Hakutaka makuu: jina la babu liandikwe kibaoni. Mkurugenzi alizitazama soli mpaka jasho likamtoka, akamshukuru mama kwa uzalendo wake, akaahidi kwamba jina litajadiliwa na kamati. Kesho yake akamletea soksi nzito. Zilibaki siku tisa wageni wafike, na buti lazima ziwe zimechakaa.

Basi mama wa watu akatembea. Asubuhi mpaka kufunga, ukumbi kwenda, ukumbi kurudi, buti zikimpwaya, mkurugenzi nyuma yake na kikombe cha chai. Siku ya nne akamsimamisha.

"Mama, unatembea kama mfagiaji. Tembea kama mvumbuzi."

"Mvumbuzi huyu alikuwa amelala, bosi. Nilale?"

Siku ya tisa soli zikatoboka, miguu ikavimba, buti zikagoma kuvulika. Walinzi wawili wakavuta, wapi. Magari ya wageni yakaingia getini. Mkurugenzi, mtu wa maamuzi ya haraka, akamsukuma mama kabatini na buti zake, akamfunika shuka jeupe toka kichwani hadi magotini. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akauliza chini ya shuka kuna nini. Akajibiwa ni kishikilio cha buti.

Uvimbe uliisha siku ya tatu. Buti sasa zinavulika zenyewe. Mkurugenzi amebembeleza, ametishia kumfukuza kazi, amemleta hata binti wa mama aje amlilie mamaye. Mama katupa shuka, lakini buti havui wala kabatini hatoki. Mumewe humpelekea chai kupitia mlango wa nyuma wa kabati.

"Kutembea nimetembea mimi, kubeba kabeba babu," anasema. "Kibao kwanza."

Kamati haijakaa mpaka leo.

Na wewe umesoma mpaka hapa umekaa. Vaa viatu. Nenda kesho milango inapofunguliwa tu, gonga kioo, muulize mama jina la babu yake, uliandike palepale kibaoni kwa wino usiofutika. Mlinzi akikuzuia, inua mguu umwonyeshe soli zako.