Sauti ya Luhende, Mdomo wa Mussa

Niliisikia sauti ya Luhende ikitoka nyumbani kwa Fakhrudin kabla hatujafika mlangoni, ilhali Luhende mwenyewe alikuwa ubavuni mwangu akisukuma baiskeli. Tulisimama sote wawili. Ni sauti nzito, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila ubeti kama jembe linapogusa changarawe, na ilikuwa ikiimba maneno niliyoyatunga mimi.

“Si walisema watapiga muziki mtupu?” akauliza.

“Labda wameiweka santuri yetu, kaka. Twende tukaone.”

Mwaka ule wa 1984 hapakuwa na mtu Ipuli aliyeipenda televisheni kama mimi, na sikuwahi kuiona. Bara hatukuwa na kituo. Unguja walikuwa nacho. Vijiweni niliisimulia kama mtu aliyerudi kuhiji. Bendi yetu ya Igembe Jazz ilipoalikwa huko, nilitembea mji mzima kifua mbele, kwani wimbo waliouchagua ulikuwa wangu. Luhende, mwimbaji wetu, aliachwa. Bernardo, kiongozi wa bendi, alimwambia nafasi za safari zimejaa, na kwamba huko watapiga muziki mtupu, bila mwimbaji. Luhende akakubali, kwa kuwa ni mtu wa kukubali.

Kaseti ya video ya onyesho hilo ililetwa kutoka Unguja na shemeji yake Fakhrudin. Deki na televisheni vilikuwapo kwake siku nyingi, ila mwaka wa msako wa wahujumu uchumi vilikaa chini ya magunia ya pamba, na hata sasa mapazia yalifungwa mchana kweupe.

“Shikamoo, Bwana Fakhrudin.”

“Marahaba, Shomari. Kaeni, kaeni. Narudisha mwanzo.” Mkewe, Jenabai, alitupa chai akituomba radhi kwa uhaba wa sukari. Bernardo alikuwa amekwisha kaa, mguu juu ya mguu, kama bwana harusi.

Kioo kikawaka. Nilivuta pumzi. Igembe Jazz hao, wamevaa mashati ya kumeremeta, na nyuma yao minazi ya karatasi. Wimbo wa mpagazi anayekatiza nyika ya Unyanyembe, wakaupandia minazi! Magitaa hayakuwa na nyaya za umeme. Mpiga ngoma alizipapasa kama anayefukuza nzi. Na mbele kabisa, nywele zimechanwa zikasimama, alikuwa Mussa, mkata tiketi wa ukumbini, ambaye akiimba hata mbuzi huhama kivuli.

Akafunua mdomo, ikatoka sauti ya Luhende, ile ya kwenye santuri:

*Mzigo wangu begani, njia ya Ujiji ndefu…*

“Mbona huyu kijana anatafuna?” Jenabai akauliza.

“Nyamaza, Jena, anaimba.”

“Anaimba na nini? Maneno yamekwisha, yeye bado anatafuna!”

Fakhrudin akaangua kicheko. Mimi nilishindwa kucheka, maana nilijua ubeti unaokuja. Kwetu manju hamalizi wimbo bila kujitaja. Jina lake ndilo mhuri wake, na anayeimba wimbo wa mwingine hulitaja jina la mwenye wimbo kwa heshima, halifanyi lake. Luhende aliupachika mstari huo siku ya kurekodi, nami nilimwachia. Sasa Mussa alijipiga kifuani kwa ngumi, akatabasamu, akasema:

*Mimi Luhende wa Lusu, nimebeba sijachoka.*

Luhende aliweka kikombe chini taratibu. Uso wake una makovu ya ndui tangu utoto. Akayagusa, shavu moja kisha la pili, kama anayehakikisha kwamba bado yapo.

“Mama yangu ana ndugu Unguja,” akasema polepole. “Watamwandikia kwamba nimepona uso.”

Nimelelewa na redio. Redio ni kipofu, na kipofu humjua mtu kwa sauti yake. Hiki kisanduku chenye macho, nilichokiota kama peponi, kilimtazama mtu usoni kwanza, kikamchuna sauti kama ngozi ya mbuzi na kumvika mwingine. Na wapigaji hawa niliowaona mashujaa! Wamekubali kupapasa magitaa mafu, wakitabasamu.

“Bernardo,” nikasema, “hamkuona haya?”

“Haya ya nini, malenga? Televisheni ni macho. Unguja nani anamjua Luhende?”

“Kwa nini basi mmemtaja?”

“Ubeti ungepungua.” Akanigeukia akicheka. “Punguza moto. Wametuita tena. Wanataka lile shairi lako la pamba ya Nzega. Luhende ataliimba kwenye santuri kama kawaida, na safari hii atakayesimama mbele si Mussa. Wewe una sura, una kimo. Utasimama wewe.”

Nilitaka kumtukana. Lakini, Mungu shahidi, kwa kitambo cha pumzi moja nilijiona ndani ya kile kioo, nikapendeza. Hapo nikajichukia kuliko nilivyomchukia Bernardo. Nikatoka nje bila kuaga.

Luhende alinifuata. Alisimama juani karibu na baiskeli yake, akifuta kiti kisichokuwa na vumbi.

“Kubali,” akasema.

“Nikubali? Heri nilimeze shairi langu!”

“Ukilimeza, nitaimba nini? Nikisusa nami, Bernardo ataniondoa hata kwenye santuri. Mimi sijui kazi nyingine, mdogo wangu. Heri sauti yangu ikae mdomoni mwako kuliko mwa yule.” Akajaribu kutabasamu. “Ila ujifunze kutafuna kwa wakati.”

Ndani, kaseti ilikuwa imerudishwa tena. Wageni wengine walikuwa wamefika, nikawasikia wakimshangilia Mussa.

Nilimshika Luhende mkono, ule ulioshika usukani.

“Nitakwenda, kaka Luhende. Nitavaa shati watakalonipa, nitasimama watakaponiweka. Na sauti yako itakapoanza, nakuapia, nitafumba mdomo wangu mpaka wimbo uishe.”