Metali za Gari la Mkate

Wewe uliangalia pembeni. Nilikuona. Ulikuwa wa tatu nyuma yangu kwenye kaunta ya spea, umeshika mkanda wa feni, na nilipoanza kusema ukakumbuka ghafla kusoma bei za betri ukutani, bei ambazo hazijabadilishwa tangu mwaka juzi. Hukuwa peke yako. Mle ndani tulikuwa wanunuzi saba, na sita waliangalia pembeni. Ila mimi sisahau, na nataka ukijue ulichokataa kukisikia.

Mke wangu anaoka mkate. Kila alfajiri pikapu yetu ilikuwa inapeleka mikate kwenye maduka kumi na moja. Siku ilipoanza kugonga chini ya injini, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi na hafunguliwi, nilijua ni metali, vile vibati vilivyopinda nusu duara vinavyoishika krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, isisagane na chuma. Nikamwambia mke wangu asiiwashe tena. Wenye maduka wakatupa wiki moja. Kiwanda kikubwa cha mikate kilikuwa kimeshatuma mtu wake, shati limepigwa pasi, kupima rafu zetu kwa macho. Jumatatu tusiporudi barabarani, rafu zinakwenda.

Gereji hatukuiweza. Injini nikaishusha mwenyewe uani kwa mnyororo wa kuazima. Ufundi sikusomea, nimejifunza kwa kuharibu, tena vitu vyangu mwenyewe. Pistoni zikalala kwenye beseni la kuogeshea watoto, silinda hedi ikachukua meza ya kulia, na siku nne tukala tumepakata sahani mapajani.

Kuchagua spea tulichagua watatu: mimi, mke wangu, na kaka yake, dereva wa lori aliyeachishwa kazi na mgongo, ambaye anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

"Pistoni?" akauliza.

"Zinarudi zilezile. Zimechoka lakini hazijapasuka."

"Kama baba wa nyumba hii," mke wangu akasema, bila kuinua macho kwenye unga.

"Ringi?"

"Za bei ya chini. Itakula oili kidogo."

"Gasketi?"

"Ya kawaida."

"Pampu ya oili?"

"Nimeifungua, bado nzima. Naisafisha."

"Sasa shemeji, hii injini unaitengeneza au unaiombea?"

"Metali nanunua orijino," nikamwambia. "Pesa yote inaingia hapo. Ringi mbovu inakuaibisha kwa moshi, watu wanacheka, unafika. Metali mbovu hufiki."

Shemeji akatikisa kichwa, akaanza kuhesabu hela. Nilijua nimechagua vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Krenki niliipeleka kwa mchongaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Aliipima mara tatu, akafuta mikono.

"Nikiichonga, mdogo wangu, hii ndiyo saizi ya mwisho. Baada ya hapa ni chuma chakavu. Na metali zako za zamani hazitaiingia tena. Nichonge?"

"Chonga, kaka."

Dukani nilimkuta Tunaelewana. Mjini hana jina jingine, maana kila akikutajia bei anamalizia hivyo: tunaelewana. Baba yake alikuwa anakuwekea kipimo kwenye kaunta, upime mwenyewe mbele yake, usiporidhika unaacha. Nilikuwepo alipozikwa. Nilikuwepo pia wiki iliyofuata, mtoto alipotundika kibao: UKIFUNGUA BOKSI UMENUNUA. Tulikisoma wote. Hakuna aliyeuliza.

Akaniwekea boksi la metali za saizi yangu, lebo inang'aa, stika haijaguswa. "Orijino, mkubwa. Hii haina maneno. Tunaelewana."

Nikalipa. Nikalifungua nyumbani, mezani, pembeni ya silinda hedi.

Ndani ya kifuniko palikuwa na maandishi ya penseli. Namba za kukazia boliti. Chini yake: sabuni, kiberiti, dawa ya kikohozi ya mtoto.

Mke wangu akasogea akiwa na mikono ya unga. Akasoma taratibu.

"Huu mwandiko wako."

Nikaligeuza boksi.

"Hiki kikohozi ni cha mwaka wa mvua kubwa. Dawa yenyewe ulisahau kuinunua."

Ni kweli, ulikuwa mwandiko wangu. Nina tabia ya kuandika hesabu za kazi ndani ya maboksi, kwa sababu daftari linalowa oili. Mwaka ule nilifunga metali orijino za injini hiihii, boksi nikalitupa stoo na mengine. Halafu akapita mwenye gunia, yule anayenunua maboksi matupu ya spea mtaa kwa mtaa. Aliniuliza jambo moja tu: lebo hazijachanika? Nikamwambia hazijachanika. Nikajaza gunia lake, nikapata hela ya mche wa sabuni, nikajiona mjanja. Mtu ananunua boksi tupu, kwa uangalifu kama ananunua mayai, na mimi ninayejifanya kuhoji kila kitu sikumuuliza la nini. Saizi ya zamani ilikuwa imefunikwa kwa kilebo kipya, kimebandikwa sawasawa. Kazi safi. Kifuniko kwa ndani ndicho hawakukitazama.

Nikazipima zile metali. Mgongoni hazina namba ambazo orijino huwa nazo. Hakuna mbili zilizolingana unene.

Ndipo nikarudi dukani, ile Jumamosi, na wewe ukiwepo.

"Umefungua," Tunaelewana akasema.

"Nimefungua. Boksi ni langu. Soma hapa."

Akasoma, akacheka kwa upole kabisa. "Mtoto alipona?"

"Nirudishie hela yangu."

"Mkubwa, ulipouza boksi ulidhani tunakwenda kufugia vifaranga? Ulikula hela, tukala hela. Leo limekurudia, unataka nilie na wewe? Ungelichana."

"Hizi ni bati tupu."

"Nani amesema? Wewe umesomea wapi?"

Hapo ndipo nilipogeuka. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, "Hebu nione." Fundi wa pikipiki aliyekuwa nyuma yangu, ambaye najua injini mbili zimemfia mikononi mwaka huu kwa spea za hapohapo, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala. Na wewe, nimeshakwambia ulifanya nini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikuwa na hasira, hasira inataka nguvu. Metali za zamani haziingii, hela ya nyingine hakuna, krenki imeshachongwa. Shemeji alinitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nioe kwao hakusema neno.

Mke wangu akauliza, "Zitafika Jumatatu?"

"Jumatatu zitafika. Jumatatu ya pili sijui."

"Basi funga."

Nilizifunga nikijua. Hilo liandike juu yangu, sikatai.

Jumatatu iliwaka. Jumanne mke wangu aliimba kwenye usukani, shemeji aliniambia, maana alipanda naye kubeba kreti. Jumatano nilianza kusikia kitu, nikajiambia ni masikio yangu. Alhamisi, mlimani, na mikate imejaa, injini ikagonga mara moja kama nyundo kwenye chungu, ikafa. Fimbo ya pistoni ilikuwa imetoboa ubavu wa bloku. Mikate ikauzwa kwa bei ya kutupa palepale barabarani, kwa wapita njia waliojua wenye haraka ni sisi. Mchongaji aliitazama krenki, akanirudishia, hakunitoza kitu.

Rafu tisa zimekwenda. Mbili zimebaki, maduka yaliyo karibu, ambayo mke wangu anayafikia kwa baiskeli. Anaoka robo ya unga aliokuwa anaoka. Anasema amepumzika. Anaongopa, na mimi namwacha aongope, kwa sababu tumechoka wote.

Sasa inuka. Usiniambie pole, pole nimepewa nyingi. Nenda stoo, au chini ya kitanda, au kule juu ya kabati ulikoweka vitu vya kufaa siku moja. Toa kila boksi la spea ulilonalo: la metali, la ringi, la breki, la plagi. Chana lebo katikati, boksi ulipasue mpaka lisiweze kusimama. Mwenye gunia yuko mtaani kwenu wiki hii, na atakuuliza kwa adabu. Mwambie huna. Halafu nenda kwenye kaunta ile, na atakapokuwa mtu pale mbele anabishana peke yake, sogea, useme, "Hebu nione." Anza na maboksi. Usingoje nimalize kusema. Chana sasa hivi.