Asali ya Alfajiri

Bi Kuruthumu wa Kiwangwa alikuwa na ombi moja tu mwaka huu: afunge Ramadhani. Mwaka jana sukari ilimkatalia, akabaki kuwapikia wenziwe futari kama mpishi wa kukodi. Safari hii daktari alimwambia, "Sukari ya asubuhi ishuke chini ya nane, mama, ndipo tuzungumze."

Basi juu ya dawa za hospitali akaongeza vidonge vya uwatu na mdalasini, alivyovinunua dukani kwa Hamoudi, Bagamoyo mjini. Daktari alivigeuzageuza, akasema haapi kuwa vitasaidia, ila vya hospitali asiviache.

Kila asubuhi akajitoboa kidole. Kimashine cha kupimia sukari kikasema kumi na moja. Kesho yake, kumi na mbili.

"Hamoudi kakihonga," wifi yake Dija akamcheka. "Kinataka ununue kopo jingine!"

Dija akaja kulala. Alfajiri akamwona mwenzake anameza uwatu, anasindikiza na kijiko cha asali kilichofurika, anaswali, anavuta uradi taratibu, kisha ndipo anachukua sindano.

"Wifi! Si uliambiwa upime hujala kitu?"

"Nimekula nini?"

"Hiyo asali je?"

"Asali chakula? Asali shifaa, imo kwenye Kitabu."

"Shifaa sikatai. Lakini kimashine hicho hakijapita madrasa. Kinaona utamu tu!"

Kuruthumu akacheka hadi khanga ikamdondoka. Halafu akajitoboa. Akalitazama lile tone kidoleni, dogo kama jicho la sisimizi. Kijiko alikila gizani, hakumwambia mtu, naye daktari hakumuuliza. Tone likajua.

"Subhanallah," akanong'ona. "Kumbe nimebeba shahidi mwilini."

Asali akaiacha. Namba ikateremka, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ikagota saba. Daktari akampangia dawa za futari na za daku, akamwonya: akitetemeka, afungue papo hapo.

"Ni uwatu, daktari?"

"Uwatu umeshusha, au asali imeacha kupandisha? Mimi sijui, mama."

Jioni ya mfungo wa kwanza, adhana ilipolia, mikono ya Kuruthumu ilikuwa imejikunja mapajani kama ya mwari. Machozi yakamlenga. Dija akamsogezea sahani.

"Tende moja tu, wifi. Shahidi wako yuko macho."